Sauti Inayorudi: Historia ya Kuondoa Mwangwi katika Simu

Tarafa ya Idodi, katika mkoa wa Iringa, imelala chini ya mteremko mkubwa ambapo nyanda za juu hukoma na bonde la Ruaha Mkuu huanza. Njia itokayo Iringa mjini kwenda huko hupita Kalenga, iliyokuwa makao ya Mkwawa, kisha hushuka kwenye joto la mbuga mpaka vijiji vilivyo mpakani mwa Hifadhi ya Ruaha, iliyotengwa katika mwaka 1964. Mahali penye miteremko na majabali mwangwi si jambo geni. Mtu akipaza sauti mbele ya jabali lililo umbali wa mita 90 hivi, sauti yake humrudia baada ya nusu sekunde, kwa kuwa sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa kila sekunde, na safari yake ni ya kwenda na kurudi. Watoto huufurahia mchezo huo. Lakini nusu sekunde hiyo hiyo, ilipoingia katika simu, iliwasumbua wastadi wa mabara mawili kwa zaidi ya miaka kumi. Na dawa waliyoitumia kwanza iliwaumiza zaidi watu waliokuwa mbali na miji mikuu, wale ambao simu ilidaiwa kuwa imekuja kuwaondolea umbali.

Mwangwi wa simu hauna jabali. Chanzo chake ni nyaya zenyewe, na asili yake ni uchumi. Tangu simu ya mdomo ilipovumbuliwa na Alexander Graham Bell katika mwaka 1876 na kuanza kuenea, ilionekana ya kwamba nyaya mbili zatosha kati ya nyumba ya mwenye simu na ofisi ya kuunganishia. Nyaya hizo mbili huchukua sauti ya anayesema na sauti ya anayejibu kwa wakati mmoja, kama njia moja ya mguu ipitiwavyo na waendao na warudio. Kwa safari fupi mpango huo hauna dosari. Kwa safari ndefu sauti hudhoofika, nayo haina budi kutiwa nguvu njiani. Na mtambo wa kuitia nguvu hufanya kazi kwa upande mmoja tu. Kwa hiyo katika njia kuu za simu waliwekewa waendao nyaya zao na warudio nyaya zao, jumla nne. Mahali ambapo nyaya mbili za nyumbani hukutana na nyaya nne za njia kuu pana kifaa mithili ya mizani, ambacho kazi yake ni kuipeleka sauti iliyotoka mbali kwa msikilizaji bila ya kuiacha iteleze kwenye njia ya kurudi. Mizani hiyo hupimwa kwa kulinganishwa na waya wa mwenye simu. Ingekuwa sawa kabisa lau kama nyaya zote zingelingana kwa urefu na unene. Hazilingani: mmoja anakaa hatua chache kutoka posta, mwingine anakaa maili kadhaa. Basi mizani huwa na kombo kidogo, na sehemu ya sauti huvuja na kumrudia mwenyewe aliyeisema.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa, yaani kuwapo kwa mwangwi na kusikika kwake. Mwangwi ulikuwapo tangu awali, ila ulirudi upesi mno hata ukaungana na sauti ya msemaji mwenyewe sikioni mwake. Umbali ndio uliouondoa mafichoni. Mwangwi unaochelewa kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde hauna madhara. Ukichelewa kwa zaidi ya sehemu 50 hivi, mtu huanza kusitasita. Ukifika nusu sekunde, maneno humkatika kinywani. Simu ya maandishi haikujua adha hii. Waya wa baharini uliounganisha Unguja na Aden katika mwaka 1879 ulichukua alama za nukta na vistari, wala hapakuwa na mtu wa kujisikia mwenyewe. Na simu ya upepo ya aina iliyotumiwa na hifadhi za wanyama, misheni na hospitali za mbali katika Tanzania iliepukana nayo kwa amri: mmoja husema akiwa amebonyeza kitufe, akimaliza hukiachia ndipo mwenzake aseme. Hapo hakuna mwangwi, wala hakuna mazungumzo kwa maana kamili ya neno hilo. Ni barua zinazosomwa kwa sauti.

Dawa ya kwanza ilitokea Marekani. Katika mwaka 1925 A. B. Clark na R. C. Mathes walieleza mtambo uliokuja kutumika sana katika njia ndefu za simu, ambao kwa Kiswahili waweza kuitwa kizuia mwangwi. Hekima yake ilikuwa nyepesi. Mtambo husikiliza pande zote mbili. Ukitambua ya kwamba mtu wa upande huu anasema, huufunga mlango wa upande wa pili, na mwangwi unaorudi hukuta mlango umefungwa. Mtu wa upande wa pili akianza kusema kwa nguvu ya kutosha, milango hubadilishana. Kwa njia za nchi kavu za zama hizo, ambazo ucheleweshaji wake haukuwa mkubwa, kizuia mwangwi kilifanya kazi yake kwa heshima, na wengi waliokitumia hawakujua ya kwamba kipo.

Setilaiti ndizo zilizokiaibisha. Tarehe 23 Agosti 1963 Rais John F. Kennedy akiwa Washington alizungumza na Waziri Mkuu wa Nigeria, Sir Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuwa ndani ya meli Kingsport katika bandari ya Lagos, kwa njia ya setilaiti iliyoitwa Syncom 2. Inapendeza kukumbuka ya kwamba Mwafrika alikuwa upande mmoja wa mazungumzo hayo ya kwanza ya wakuu wa serikali kwa setilaiti, ingawa mitambo yote ilikuwa ya watu wengine. Katika mwaka 1965 setilaiti ya biashara, Early Bird, ilianza kazi juu ya Atlantiki. Mwaka 1970 kituo cha ardhini cha Longonot, katika Bonde la Ufa la Kenya, kilifunguliwa, na kwa njia yake simu za Afrika Mashariki zikaanza kupanda angani juu ya Bahari ya Hindi.

Setilaiti ya namna hiyo huning'inia juu ya ikweta kwa kimo cha karibu kilomita 36,000, ili ionekane kama imesimama mahali pamoja. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, nayo ndiyo kasi ya juu kuliko zote. Hata hivyo kupanda na kushuka tu hula robo sekunde, na mwangwi hurudi baada ya nusu sekunde na ushei. Ni lile jabali la mita 90 limehamia angani.

Athari ya jambo hili katika mazungumzo ya Waswahili yastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyoangaliwa. Wastadi wa Marekani na Ulaya walipima usumbufu wa mwangwi kwa mazungumzo ya watu wao, ambao wakishaitikiana huingia katika shauri moja kwa moja. Mazungumzo ya Kiswahili yana mlango mrefu. Kijana aliye London humwamkia baba yake, «Shikamoo,» naye hungoja. «Marahaba» haiwezi kumfikia kabla ya nusu sekunde na zaidi. Lakini katika dakika ile ile anayoingojea, mwangwi humletea sauti yake mwenyewe ikimwambia «Shikamoo». Mtoto amejiamkia. Baba naye, aliyekwisha kuitikia, hasikii neno kwa muda, hudhani simu imekatika, huita «Haloo!», na «Haloo» hiyo hugongana njiani na swali la hali ya nyumbani. Kadhalika desturi ya msikilizaji mwenye adabu ni kuitikia kila kituo cha maneno, ee, naam, hewaa, ili msemaji ajue ya kwamba hakuachwa peke yake. Viitikio hivyo huja juu ya sauti ya msemaji. Kizuia mwangwi kilivihesabu kuwa ni mwangwi na kuvifungia mlango.

Wala haikuwa hasara ya adabu tu. Kizuia mwangwi hakikujua mwenye haki ya kusema. Kilijua mwenye sauti kubwa. Pande mbili zikishindana, mlango ulikuwa wa aliyepiga kelele zaidi. Basi fikiri mtu wa Idodi wa miaka ya 1970 mwenye habari ya msiba ya kumpa ndugu aliye ng'ambo. Ilimpasa apande mpaka Iringa mjini, aombe simu ya masafa kwa mpokeaji wa posta, angoje, alipe kwa dakika, kisha aseme kupitia Dar es Salaam na Longonot. Sauti yake ilipofika kwenye kizuizi ilikwisha kupita kilomita mamia za nyaya na mitambo, na kila kiungo kilikuwa na nafasi ya kuipunguza. Sauti ya ndugu yake ilitoka katika mji mkubwa, karibu na njia kuu. Mwanamke aliyesema kwa upole, au mzee aliyechoka, alipoteza silabi ya kwanza ya kila neno, kwa maana mlango ulichelewa kumtambua. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni nzito, kwa sababu mwanzo wa kitenzi ndio unaobeba mtenda, wakati na ukanushi. Ukiondoa silabi moja ya mbele katika «hatujafika», iliyobaki haisemi tena ya kwamba kufika hakujatokea. Lugha ambayo hukanusha kwa silabi ya kwanza haikuwa na bahati mbele ya mtambo uliozila silabi za kwanza.

Dawa bora ilikuwa imekwisha kufikiriwa, katika maabara ya Bell huko Marekani. John L. Kelly, mtaalamu anayejulikana zaidi kwa kanuni yake ya mwaka 1956 kuhusu kamari na habari, pamoja na mwenzake Benjamin F. Logan, waliona ya kwamba hapana haja ya kufunga mlango wowote. Kelly alifariki mwaka 1965 kabla ya kuona mwisho wa jambo. Hataza ya wawili hao ilitolewa Marekani katika mwaka 1970, nayo ikapata namba 3,500,000, mwaka ule ule ambao Longonot ilifunguliwa. Hivyo Afrika Mashariki iliingia katika zama za setilaiti wakati dawa ya mwangwi ilikuwa na namba ya serikali lakini haina bei ya sokoni. Maelezo ya kisayansi yaliyowaongoza wengi yaliandikwa katika mwaka 1967 na Man Mohan Sondhi, mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika maabara hayo hayo.

Fikira yao ni hii. Sauti iliyotoka mbali yajulikana, kwa sababu imepita mbele ya mtambo kabla ya kufika kwenye mizani yenye kombo. Mwangwi si kitu kingine ila sauti hiyo hiyo, imedhoofika na kuchelewa kwa namna inayotegemea waya. Kama mtambo ungeijua namna hiyo, ungeweza kutengeneza mwangwi wa bandia ulio sawa na ule wa kweli, na kuutoa, kama mtu atoavyo hesabu. Kinachobaki ni sauti ya mtu wa upande huu, safi, bila ya mlango wowote kufungwa. Tatizo ni kwamba kila waya una namna yake, na mtu akipiga simu nyingine, waya ni mwingine. Haiwezekani kupima mapema. Basi mtambo lazima ujifunze wenyewe, wakati watu wanasema.

Kanuni ya kujifunza ilikuwa imepatikana mahali pengine. Katika mwaka 1959, katika chuo kikuu cha Stanford, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Marcian Hoff walitunga njia nyepesi ya kulirekebisha chujio hatua kwa hatua, nao wakaitangaza mwaka 1960 bila ya kuwa na nia ya simu. Walikuwa wakishughulikia mitambo ya kutambua maumbo. Hoff ndiye aliyekuja baadaye kushiriki katika kubuni kompyuta ya kipande kimoja.

Katika simu za tarakimu sauti hukatwa vipande 8,000 kwa sekunde, na kila kipande huandikwa kama namba. Chujio ni safu ya visanduku, tuseme 256, ambavyo hushika namba 256 za mwisho za sauti iliyotoka mbali, yaani muda wa sehemu 32 za elfu za sekunde. Kila kisanduku kina kipimo chake. Namba huzidishwa kwa vipimo, majibu hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo mwangwi uliokisiwa. Hutolewa katika sauti inayorudi, na baki hutazamwa. Baki likiwa sifuri, makisio yalikuwa sawa, wala hapana cha kubadili. Likiwa si sifuri, kila kipimo husogezwa kidogo kwa kadiri ya baki hilo likizidishwa kwa namba iliyo katika kisanduku chake. Kisanduku kilichokuwa kitupu hakilaumiwi, na kilichokuwa na namba kubwa husogezwa zaidi. Kisha kazi huanza upya, mara 8,000 kwa kila sekunde. Ukubwa wa hatua ndio siri ya ufundi: ikiwa fupi mno, mwangwi huchelewa kwisha, ikiwa ndefu mno, vipimo huruka huku na huku na mtambo hupiga kelele mbaya kuliko mwangwi uliotaka kuufuta. Kwa kuwa sauti ya binadamu hupanda na kushuka, mafundi waliona heri hatua igawanywe kwa nguvu ya sauti yenyewe, ili mpiga kelele na msema pole wahudumiwe kwa haki moja.

Lakini pana shimo. Baki ni alama ya kosa pale tu ambapo mtu wa upande huu amenyamaza. Akisema, sauti yake humo katika baki, na mtambo usiojua hudhani ni kosa lake wenyewe, ukaanza kuvuruga vipimo vilivyokuwa sawa. Kwa hiyo huwekewa mlinzi. Mlinzi mashuhuri ni kanuni ya Geigel, mtaalamu mwingine wa maabara ya Bell: sauti inayorudi ikizidi nusu ya kilele cha sauti iliyotoka mbali karibuni, yahesabiwa kuwa wawili wanasema kwa pamoja, na vipimo husimamishwa. Husimamishwa kujifunza, si kufuta. Msomaji atafakari tofauti hiyo. Kizuia mwangwi cha mwaka 1925 kilipowasikia wawili wakisema pamoja kilimnyamazisha mmoja. Kifuta mwangwi huwaacha wote wawili, kikatulia chenyewe. Ile naam ya msikilizaji ikapita.

Kilichochelewesha dawa ni gharama. Visanduku 256 mara 8,000 ni zaidi ya mazidisho milioni mbili kwa sekunde kwa ajili ya makisio peke yake, na mengine kama hayo kwa ajili ya marekebisho, yote kwa mazungumzo mamoja. Katika mwaka 1967 hesabu hiyo ilihitaji mitambo ya bei kubwa. Katika mwaka 1980 Donald Duttweiler na mwenzake wa maabara ya Bell walionyesha kifuta mwangwi chenye visanduku 128 juu ya kipande kimoja cha silikoni, na tangu hapo bei ilishuka mwaka hadi mwaka. Katika mwaka huo huo kamati ya kimataifa ya simu yenye makao Geneva ilitoa kanuni za vifaa hivyo. Nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu likagawanyika, na Tanzania ikajijengea kituo chake cha setilaiti huko Mwenge, Dar es Salaam.

Nyaya za baharini za nuru, SEACOM katika mwaka 2009 na EASSy katika mwaka 2010, zimezishusha simu nyingi kutoka angani. Nuru ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, hata waya wa kilomita 12,000 hupitwa kwa sehemu 60 za elfu za sekunde. Yaweza kudhaniwa ya kwamba mwangwi umekwisha umuhimu. Sivyo. Kifuta mwangwi hutakiwa ucheleweshaji wa kwenda tu ukizidi sehemu 25 hivi, na simu ya mkononi, kwa kule kuifunga sauti katika vifurushi na kuifungua, hula zaidi ya hapo hata watu wawili wakiwa chini ya mnara mmoja.

Simu hizo ndizo zilizofika vijijini ambako nyaya hazikupata kufika, zikisaidiwa na sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Katika simu ya mkononi hapana nyaya mbili wala mizani yenye kombo. Wenye simu hizo wakizungumza, mwangwi wa asili ya zamani haupo. Umekuja wa asili nyingine, ambao uko karibu zaidi na ule wa jabali. Simu ikiwekwa mezani na kufunguliwa spika ili jamaa wote wasikie, kama ifanyikavyo katika nyumba nyingi, sauti ya aliye mbali hutoka, hugonga ukuta na bati, na kuingia tena kinywani mwa simu. Namna ya mwangwi huo haitegemei waya bali chumba, nayo hubadilika kila mtu anapoinuka au mlango unapofunguliwa. Chujio linalojifunza haliwezi kumaliza masomo. Lapaswa kujifunza wakati wote.

Kwa kawaida chujio huianza kila simu bila ya kujua kitu: vipimo vyote ni sifuri. Lahitaji kiasi cha sekunde moja ya sauti kutoka mbali ndipo litulie, na katika muda huo mwangwi husikika kidogo. Mwenye haraka, anayeanza kwa shauri lake, hupotewa na maneno ya kwanza ya shauri. Mtu wa Dar es Salaam anayepiga simu Idodi huanza kwa «Kamwene», naye hujibiwa «Kamwene». Huulizwa habari za safari, za watoto, za kazi, mmoja akinyamaza mwenzake akisema. Wakati huo wote vipimo husogea, baki hupungua, na neno lililosababisha simu kupigwa linapotamkwa, mwangwi umekwisha kutoka.